Nyuzi za Kuchemsha

Msijali huo mlio. Kaeni tu, nitawasimulia huku kidole kinafanya kazi yake. Mtauelewa mbele ya safari.

Mimi ndiye mpiga besi. Sijasoma, sikatai, mimi na darasa tulitazamana kwa mbali kisha kila mmoja akashika njia yake. Mchana naziba pancha za malori, jioni napiga gitaa la besi kwa kujifurahisha. Lakini nikivuta ule uzi mnene wa juu, bwana, mabati ya jirani yanapiga makofi. Siku moja nilipiga mpaka tairi la lori likajaa upepo lenyewe!

"Shem, lile tairi lilijaa kwa sababu ulisahau kuzima mashine ya upepo," shemeji yangu husema.

Wivu tu. Huyo ni mdogo wake mke wangu, mchomeleaji wa mageti, na ndiye anayepiga dramu kwenye kikundi chetu cha watu wawili.

Basi, besi langu la zamani lilipinda shingo. Jioni moja mke wangu akanituma maziwa ya chai. Nikaona, kwa kuwa nimeshatoka, nipitie kwa mama mmoja mjane niliyesikia anauza besi la marehemu mumewe. Jua lilikuwa linazama. Nikapiga hodi, pakiti ya maziwa mkononi.

Mlango ulifunguka kabla sijagonga mara ya pili.

Mama mrefu, mkavu. Kiganja cha kulia kakiweka kifuani, kama mtu anayeapa. Hakukitoa pale hata alipofunga mlango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ongea polepole."

Sebuleni mwake magodoro yamesimamishwa ukutani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Kimya... kimya mpaka nilisikia maziwa yakicheza ndani ya pakiti. Na harufu. Chuma. Kama sarafu iliyokaa kwenye kiganja chenye jasho.

Besi lilikuwa juu ya kiti, limekalishwa kama mgeni.

Sasa, kuchagua besi siyo kuchagua nyanya. Nililinyanyua, nikaweka jicho mwisho wake, nikatazama shingo yote kama mwindaji anayelenga. Imenyooka kama rula. Nikazungusha vikazio vya nyuzi, hakuna kinacholegea. Nikagonga mbao, nzito, imeshiba. Nimeshika magitaa mengi duniani, kama hilo sijaona. Nikavuta uzi.

Tup.

Kama umepiga gunia la unga.

"Nyuzi zimekufa, mama."

"Ziache zife." Alinong'ona. "Tia mpya. Hizo zitoe, ukazifukie. Usizichemshe."

Nikacheka. Nani kamwambia? Maana sisi wapiga besi tuna ujanja wetu: uzi ukifa hutupi, unachemsha. Maji, siki kidogo, jungu linatokota, uchafu unatoka kwenye mizunguko ya waya, ukiukausha unalia kama umetoka dukani jana. Siyo kwa muda mrefu. Lakini unalia.

"Mume wangu naye alicheka," akasema.

Nikalipia, nikaondoka. Barabara nzima najipongeza.

Nyumbani mke wangu alikuwa kwa jirani. Mimi huyo jikoni. Nikachukua sufuria kubwa, nikavua nyuzi zote nne, nikazikunja, nikazitumbukiza.

Maji yakawa meusi. Meusi kama ya lile beseni langu la kutafutia pancha. Na hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Nimetazama mapovu maisha yangu yote, povu la kweli nalijua. Maji yanayochemka hutoa mapovu ovyo, kila mahali. Haya yalitoka sehemu moja. Kwa mpigo.

Du... du... Kimya. Du... du...

Kama kuna kitu chini kinapumua.

Nikasema, sufuria imepata mgongo, haikai vizuri jikoni. Nikazitoa nyuzi, nikamwaga maji, nikaisuuza sufuria. Niliisuuza vizuri tu, kwa mikono hii inayong'arisha rimu mpaka unajiona meno. Nikaenda sebuleni kufunga nyuzi.

Mke wangu karudi. Nikamsikia anabandika chai. Sufuria ileile.

"Baba watoto, hii chai ina harufu gani?"

"Ni maziwa hayo."

"Maziwa ya ng'ombe wa chuma?"

Akainywa, huku anacheka. Mimi sikunywa. Nilikuwa na haraka ya kusikia besi langu.

Nikavuta uzi mnene.

Duuuuuuuuuu...

Jamani. Mlio haukuisha. Vikombe kabatini vilitetemeka. Nikachomoa waya wa spika nione. Mlio ukaendelea, bila spika, bila umeme.

Mke wangu kasimama mlangoni.

"Hiyo sauti... iko hapa." Kagusa kifua.

"Nilikuambia siku zote mimi napiga mpaka moyoni," nikamjibu.

Hakucheka.

Shemeji akaingia na fimbo zake za dramu, kuja kuona mzigo mpya. Alipousikia mlio akavuta ndoo, akaipindua, akaanza kugonga. Tukapiga wimbo wetu mmoja, nami nilitisha siku hiyo, hata shemeji alinyamaza na matani yake. Ulipofika mwisho nikafanya kile ambacho kila mpiga besi anayejua kazi hufanya bila kufikiri. Ukimaliza, huachi nyuzi ziendelee kuvuma ovyo. Unalaza kiganja, unazizima.

Nikalaza kiganja.

Mke wangu akaanguka.

Hakulia, hakushika ukuta. Alianguka kama nguo inayodondoka kwenye kamba.

"Dada! Dada!" Shemeji kapiga magoti, sikio kifuani pake. Akainua uso. "Shem... hamna kitu humu."

Nikaruka. Katika kuruka, kidole kikanasa uzi.

Duuuuu...

Mke wangu akavuta pumzi.

Tukatazamana, mimi na shemeji. Mtu mzima hasemi jambo kama hilo kwa mdomo. Tulibeba mgonjwa, tukabeba na besi.

Zahanati, manesi walianza kunikoromea: "Mzee, gitaa la nini humu?" Daktari akaweka kile kipimo chake masikioni, akasikiliza kifua. Mlio ulipofifia, akakunja uso. Nikavuta uzi, akashtuka. Akatazama kidole changu. Akatazama kifua. Akavua kipimo taratibu.

"Endelea kupiga," akasema.

"Ana nini, daktari?"

"Sijui. Endelea kupiga."

Mimi nisingeweza kutoka, kwa hiyo shemeji ndiye aliyekwenda kwa yule mjane. Alirudi amenywea, yeye mwenye maneno kama redio.

"Alinifungulia kabla sijabisha," akasema. "Akauliza, amezichemsha? Nikasema ndiyo. Akauliza, nani alikunywa kilichopikwa kwenye chombo kile? Nikasema dada. Akafumba macho. Akasema: mwambie asilale. Wangu alilala."

"Wake nani?"

"Mumewe. Alimpigia, akampigia, mpaka vidole vikachanika. Siku moja akasinzia. Alipoamka, mke kasimama pembeni yake, anamtazama. Mume ndiye aliyekufa, kwa kuona."

"Kwa kuona nini? Si mke yupo hai?"

Shemeji akajifuta mkono kwenye suruali. Akajifuta tena.

"Shem, nilimpa mkono kumuaga. Ni baridi kama nondo. Nikashika na hapa, kwenye mshipa. Haupigi."

Nikavuta uzi haraka.

Nyuzi hizo zilitoka wapi kabla ya mumewe, zilifungwa na nani, mjane alisema hajui. Labda anajua. Kumrudia hakuna aliyethubutu.

Shemeji alijaribu kunipokea nipumzike. Alipovuta yeye uzi ulitoa *tup*, na shingo ya mke wangu ikapinda. Unataka kidole kilichouchemsha. Nyuzi mpya tulijaribu kufunga moja, pembeni, taratibu. Zinalia vizuri tu. Kwake hazifiki.

Mwanzoni haikuwa mbaya. Mlio mmoja ulidumu mpaka namaliza sahani ya chakula. Nilikuwa navuta uzi, nasinzia kidogo ndani ya mlio, naamka kabla haujaisha. Kazini nilikwenda na besi mgongoni, mke kakaa kwenye rundo la matairi, anatania wateja: "Huyu hanipendi, ananilinda kama betri." Nikajigamba kwamba hakuna mume duniani anayempigia mkewe moyo. Na kweli hakuna.

Lakini nyuzi za kuchemsha hazidumu. Kila mpiga besi anajua hilo. Zinaamka kidogo, kisha zinakufa moja kwa moja, na ukizirudisha jikoni mara kwa mara zinakatika, na hizi mume wa yule mama alishazichemsha kabla yangu.

Mlio ukapungua. Ukatosha kunywa maji. Ukatosha kukohoa. Sasa mnausikia wenyewe, unatosha sentensi moja, ndiyo maana nasimulia hivi, navuta, nasema, navuta, nasema. Kwenye kidaraja cha gitaa waya umeanza kufumuka.

Na yule mama amekuja.

Haingii. Anakaa ng'ambo ya barabara, kwenye jiwe, tangu jua linapozama, kiganja kifuani. Nilimtuma shemeji akamfukuze. Akaenda, akarudi. Kasema mama hajamjibu, alikuwa anamtazama dada tu, kama mtu anayesubiri mwenzake wa safari.

Jana mke wangu alisimama dirishani muda mrefu.

"Baba watoto," akasema, "pumzika."

"Nikipumzika..."

"Najua. Umechoka. Vidole vyako vinanuka damu."

"Mimi? Mimi nimewahi kuchoka lini?"

Akacheka, kile kicheko chake. Kisha akampungia mkono yule mama.

Yule mama akampungia.

Huo mkono mke wangu hakuurudisha chini. Kauweka kifuani. Mtazameni pale, mpaka sasa hajautoa.

Shemeji, nipigie hadithi. Nitukane. Sema lile la tairi na mashine ya upepo. Sema chochote, kwa sauti, macho yangu yana mchanga...

Duu...

Du...

Tup.