Askari wa Ukutani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia sebule kisha akapangusa vumbi kwenye picha ya askari. Jina lake halisi lilitumiwa na walimu tu. Nyumbani wote walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Askari wa pichani alikuwa kijana mrefu, bunduki begani, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Kila mtu alijua kwamba huyo ni Babu enzi za ujana wake, kabla hajaacha jeshi, akaoa, akafiwa na mkewe mapema na kulea watoto peke yake. "Pua hiyo umeirithi pale ukutani," Shangazi alipenda kumtania. Chiriku aliringia pua yake kweli kweli.

Babu alikuwa amefariki miezi michache iliyopita, akiwa mkongwe wa zaidi ya miaka themanini. Jumamosi hiyo ndugu, majirani na walimu walialikwa nyumbani kumkumbuka. Baba, ambaye alikuwa seremala, aliipeleka ile picha kwa mpiga picha ikakuzwa, akaitengenezea fremu pana kama dirisha. Chiriku alichaguliwa kuzungumza kwa niaba ya wajukuu. Hotuba yake yote ilimhusu askari yule: macho yake yasiyoogopa, mikono yake imara. Aliikariri mpaka akaweza kuisema huku anapiga mswaki.

Mgeni wa kwanza kufika alikuwa mzee aliyetumikia jeshini pamoja na Babu. Watu walimwita Koplo, cheo alichostaafu nacho. Chiriku alimkaribisha kiti cha mbele, chini ya turubai, mkabala na ile fremu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Poleni sana." Koplo alivaa miwani, akaitazama picha kwa muda mrefu. "Mmefanya vizuri kumkumbuka na huyu. Na picha ya babu yako iko wapi?"

Chiriku alicheka, akidhani mzee anatania. "Si hiyo hapo?"

"Hiyo? Mwanangu, huyo ni Msumari. Tulimwita hivyo kwa wembamba wake. Siku moja kule vitani babu yako alishikwa na homa, Msumari akamshikia zamu ya ulinzi. Hakurudi. Hakuwa na mke wala mtoto, basi babu yako akasema lazima awepo mtu wa kuitunza sura yake."

Chiriku alipigwa na butwaa. Alimtazama Koplo, akaitazama picha, akamtazama tena Koplo. Kama yule hakuwa Babu, miaka yote hii alikuwa akimpangusa nani? Mbona Babu hakusema? Na kama hili hawakulijua, ni mangapi mengine wasiyoyajua?

"Na Babu alikuwa anafanya nini jeshini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Aliendesha lori la maji. Tena polepole huyo! Tulikuwa tunasema kiu itatumaliza na yeye bado anakata kona."

"Na pua yangu?"

Koplo aliinama akaichunguza. "Hiyo ni ya babu yako kabisa. Pole."

Chiriku alikimbilia jikoni, alikokuwa Shangazi akimimina chai kwenye chupa, akamweleza yote kwa pumzi moja. Shangazi alikaa kitako juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Yaani mimi nimekua nikimwamkia mtu baki? Hata siku ya harusi yangu nilisimama chini yake nikapigwa picha!"

"Hamkuwahi kuuliza?"

"Tuulize nini? Nyumba ya askari, picha ya askari. Tulizaliwa tukaikuta." Nje walisikia viti vikivutwa na watu wakisalimiana. Shangazi akamshika bega. "Sikiliza, mwanangu. Watu wameshafika. Tukianza kueleza sasa tutakuwa kichekesho cha mtaa. Wewe sema ulichoandika, mengine kesho. Nani atajua?"

"Koplo anajua."

"Koplo ni mtu mzima, ana staha zake."

Chiriku hakujua ashike lipi, aache lipi. Kumkaidi Shangazi ni utovu wa adabu. Lakini kumsifu Babu kwa sura ya mtu mwingine je? Na huyo Msumari, aliyekufa kwa ajili ya rafiki yake, ndiyo anyang'anywe hata uso?

Baba alimwita mbele kwa jina lake halisi, jambo lililomtia hofu zaidi.

"Mnayemwona hapa," alianza, kisha akaigeukia picha. Shangazi alimkonyeza aendelee. Koplo alikuwa akitazama viatu vyake.

"Mnayemwona hapa si babu yangu."

Watu walianza kunong'ona. Baba aliigeukia fremu yake, mdomo wazi. Chiriku akaeleza habari za Msumari kama alivyoambiwa, kisha akaikunja karatasi yake.

"Hotuba yangu yote ilimhusu askari huyu, kwa hiyo nitasema nilichokiona mwenyewe. Mama yangu ni muuguzi. Akiwa zamu ya usiku, asubuhi Babu ndiye aliyenisuka nywele. Alijifunza Bibi alipofariki akamwachia mabinti wadogo. Siku moja aliniuliza kama zimependeza, nikamwambia mistari imepinda. Akazifumua zote, akaanza upya. Nilichelewa shule, na mistari ilipinda vilevile. Kesho yake akaamka mapema zaidi, akajaribu tena."

Watu waliangua kicheko. Shangazi alisimama, anacheka huku machozi yanamtoka. "Na mimi alinisuka hivyo hivyo, nikawa nachekwa! Sasa nisikieni. Mimi ndiye niliyemwambia mtoto huyu anyamaze. Nilikosea." Kisha Koplo akawaomba wote wasimame kwa heshima ya wale marafiki wawili.

Shughuli ilipokwisha, Baba alivuta kiti karibu na Koplo. "Mzee, kumbe tumekuwa tukiwadanganya watu?"

"Hapana," alisema Koplo. "Kukosea jambo usilolijua si uongo. Uongo ungeanza leo, baada ya kujua, na binti yako ameuzuia mlangoni. Lakini kosa mnalo. Baba yenu mliishi naye miaka yote hiyo, na hakuna aliyemuuliza, 'Huyu ni nani?' Kuuliza si ujinga, wanangu. Mzee akishaondoka, mtabaki kuokota majibu kwa wageni."

Jioni Baba alibaki uani peke yake akipanga viti vya kukodi. Chiriku alikwenda kumsaidia.

"Baba, ulipokuwa na umri wangu, ulikuwa unaogopa nini?"

Baba alisimama na kiti mkononi. Alimtazama bintiye kwa mshangao, kisha akakiweka kile kiti chini na kuvuta kingine kando yake.

"Hilo sijawahi kuulizwa na mtu," alisema. "Kaa hapa."