Matope ya Gari la Kahiga

Kila Jumamosi asubuhi Syombua alifuatana na mama yake, Kalondu, kwenda kufanya usafi katika banda la Mzee Muturi, pale Kibwezi, upande wa pili wa barabara ya Mombasa. Mama alibeba ndoo na vitambaa. Syombua alibeba ufagio, na njiani akaufanya farasi mpaka aambiwe aache utoto.

Banda lenyewe lilikuwa kubwa kama kanisa. Mzee Muturi, aliyekuwa na gereji siku za nyuma, alikuwa amekusanya humo magari ya zamani ya mashindano, akayapanga vizuri watu waje kuyatazama. Ilikuwa mwaka wa 1986, na baadhi ya magari hayo yalikuwa na umri mkubwa kumshinda mama. Katikati ilisimama ndege ndogo yenye mabawa ya kitambaa, bawa moja juu ya jingine. Mama aliipangusa polepole kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga.

Gari jeupe lilipanguswa. Gari jekundu lilipanguswa mpaka ukajiona uso. Lakini kule mwisho kabisa lilikuwako gari moja la buluu, limezungushiwa kamba, na hilo lilikuwa chafu ajabu. Matope meusi yaliyokauka yalikuwa yameganda milangoni, kwenye boneti, hata kwenye vioo. Mama alilipita kila mara bila kuligusa.

Syombua hakuelewa. Mbona ndege ioshwe na gari lile liachwe? Akafikiri labda mama huchoka kabla ya kufika mwisho. Kamba nayo, alidhani, ilifungwa ili wageni wasikaribie ile aibu.

Jumamosi hiyo mama alikuwa na haraka.

"Syombua, naenda kusaga mahindi. Wewe fagia. Jumatatu darasa lenu linakuja hapa, na Mzee Muturi amekwenda Nairobi kumleta mgeni wake. Nataka pang'ae!"

"Ndiyo, mwaitu," alijibu Syombua. Hivyo ndivyo Wakamba humwita mama.

Alipomaliza kufagia alilitazama lile gari la buluu. Akaona darasa zima likicheka, na mama akiinamisha kichwa. La, haiwezekani! Akapita chini ya kamba. Akachota maji, akatia sabuni ya unga, akachukua kipande cha gunia, akasugua kama anayesugua masizi ya sufuria. Maji meusi yalitiririka mpaka nje. Gari likatoka zuri, buluu tupu, na jina limeandikwa mlangoni kwa rangi nyeupe: KAHIGA.

Mama aliporudi alisimama mlangoni tu, mfuko wa unga kichwani. "Funga, twende, jua limekwenda!"

Njiani Syombua alingoja asifiwe. Mwisho akaanza mwenyewe. "Mwaitu, lile gari la buluu, kwa nini huwa hulioshi?"

Mama akacheka. "Nilioshe nifukuzwe? Kahiga alikuwa kaka yake Mzee Muturi. Aliliendesha kwenye mashindano wakati wa mvua kubwa, wakavuka mto Tiva kule Kitui, matope mpaka madirishani. Hayo yalikuwa mashindano yake ya mwisho. Alipofariki, Mzee Muturi akasema gari lisiguswe, libaki vile alivyoliacha. Watu huja kuona yale matope, mwanangu."

Syombua akasimama njiani. Kuja kuona matope? Kwao nyumbani matope yalikuwa kitu cha kuchapiwa. Alitaka kusema. Aliona mama akikosa kazi, na maneno yakarudi chini.

Jumapili baada ya kanisa alisema amesahau sweta bandani, akapewa ufunguo. Alipitia penye birika la kunyweshea ng'ombe, akajaza ndoo matope. Kiema, mvulana wa darasa lake, alikuwa pale akinywesha mbuzi.

"We Syombua, unapika nini? Ugali wa matope?"

"Nyamaza."

"Si uniambie!"

Akamwambia yote. Kiema akakuna kichwa. "Basi paka. Matope si ni matope? Mimi sijaona kitu."

Akapaka. Yakakaa vizuri, mekundu kidogo, lakini nani angepima rangi ya matope?

Jumatatu darasa lilifika, mwalimu mbele. Mama yake Syombua alikuwa kando ya mlango na vitambaa vyake. Mzee Muturi alikuwa amevaa suti, na kando yake alisimama mzee mrefu mwenye ndevu zilizotiwa hina, akiegemea bakora.

"Watoto, huyu ni Mzee Hared," alisema Mzee Muturi. "Yeye ndiye aliyekaa kando ya kaka yangu, akimsomea ramani."

"Ramani ya Kitui haisomeki," alisema Mzee Hared. "Unaona mto kidogo kama uzi. Unafika, unakuta bahari!"

Watoto wakacheka. Akawaeleza walivyokwama katikati ya Tiva, Kahiga akavua koti lake akaliweka chini ya gurudumu, wakasukuma usiku kucha huku wakigombana kwa lugha tatu. Alipofika mwisho Mzee Hared aliacha kuwatazama watoto. Akalisogelea gari, akaweka kiganja juu ya boneti. Taa bandani ilikuwa hafifu, na macho yake yalikuwa yamezeeka. Mzee Muturi akavua kofia.

Syombua alitazama mkono ule juu ya matope ya birika, na mambo yakamchanganya zaidi.  Kila mtu alikuwa ameguswa. Kama hawajui, tofauti iko wapi? Kiema alimkonyeza: umeona?

Ndipo Mzee Hared akatoa leso nyeupe mfukoni, akaitandaza juu ya boneti.

"Muturi, naomba kipande kidogo cha matope haya. Sikupata kumzika rafiki yangu, nilikuwa mbali, malishoni na ng'ombe wangu. Nataka niende nacho nyumbani Garissa."

"Chukua," alisema Mzee Muturi.

Mzee Hared akaanza kukwangua kwa ukucha, taratibu.

"Mzee, usiyachukue!" Syombua alishtukia sauti ni yake mwenyewe. "Hayo si ya Tiva. Ni ya birika la ng'ombe. Nimeyapaka mimi jana. Yale ya kweli niliyaosha Jumamosi. Mama hajui chochote. Nilidhani gari ni chafu."

 Mzee Muturi alisogea, akalitazama gari kwa karibu, uso ukambadilika.

"Mama Syombua," alisema polepole, "funguo nilikupa wewe."

"Ni kweli, Mzee," alisema Kalondu. Alikuwa anatetemeka, lakini alikuja akasimama nyuma ya binti yake. "Sikumweleza. Nilidhani kamba inatosha."

Mzee Hared aliondoa mkono kwenye boneti. Alikunja leso. Halafu, kwa mshangao wa wote, aliweka bakora chini, akapiga magoti, akajilaza chali sakafuni, akaingiza kichwa chini ya gari.

"Binti, uliosha na huku?"

"Hapana, babu. Sikufikia."

"Leteni tochi. Muturi, njoo ulale hapa."

"Na suti hii?"

"Kahiga alitupa koti mtoni, wewe unaogopea suti!"

Mzee Muturi akalala. Watoto waliona jozi mbili za viatu tu zikitokeza, wakaziba midomo wasicheke. Kutoka chini ya gari sauti ya Mzee Muturi ilisikika, imelegea. "Hared... hata nyasi bado zimo."

Pale juu ya magurudumu, ndani ya madigadi, matope meusi yalikuwa yameganda manene, na nyasi za mtoni zimenasa ndani yake. Mzee Hared alivunja kipande kidogo, akakifunga kwenye leso.

Walipoinuka, vumbi mgongoni, Mzee Muturi alimgeukia Syombua. "Umeniumiza," alisema. "Sitasema hujaniumiza. Sasa hebu lete maji. Hayo ya birika yatoke. Nitaweka kioo kikubwa sakafuni, chini ya gari, wageni waone ya kweli yalipobaki. Na wakiuliza kwa nini juu ni safi, wewe ndiye utawaeleza, kila Jumamosi."

"Na mama?"

"Mama yako aondoke, nani ataipangusa ndege yangu?"

Jioni walitembea kurudi nyumbani, na mama akaanza.

"Syombua, Jumamosi ulifanya kosa kwa kutojua. Hilo ungeniambia pale njiani, tungeomba msamaha pamoja. Jumapili ulikuwa unajua. Wewe uliona matope tu. Yule mzee angeyahifadhi kama rafiki yake. Ukificha kosa, kuna mtu atakayelipokea akidhani ni kitu cha kweli, na humjui ni nani. Ndiyo maana mtu husema mapema, hata akitetemeka."

"Nilikuwa natetemeka, mwaitu."

"Niliona," alisema mama, akamshika mkono. "Hata mimi nilikuwa natetemeka."