Mshono wa Upande wa Kushoto

Kila alasiri, akitoka shule, Kifungo alipitia chumba cha kushonea cha mama yake. Jina hilo alilipata siku alipomeza kifungo cha koti la mteja, akiwa bado anatambaa, nalo likamganda. Kazi yake ilikuwa kupachika vifungo, kukata nyuzi zilizoning'inia na kukunja nguo zilizokwisha kupigwa pasi. Mama alikaa kwenye cherehani, pini amezibana midomoni, akiongea na wateja bila kuangusha hata moja.

Muhula ule kulikuwa na mashati mengi ya sare ya kushona. Ndipo Kifungo alipoanza kuona mambo asiyoyaelewa. Mama aligonga bega la kushoto kwenye mlango aliozoea kuupita kila siku. Aliangusha kikombe kilichokuwa kushoto kwake, kana kwamba hakikuwepo. Asubuhi aliamka ameshika kichwa, na mara nyingine alitapika kabla hata ya kunywa chai. Alinunua miwani sokoni, akaivaa, akaivua.

"Mama, unaumwa?"

"Uchovu tu, mwanangu. Cherehani hii imenila mgongo, sasa inataka na kichwa." Mama alicheka kidogo. "Usimwambie baba yako. Unamjua, mtu akipiga chafya yeye anatafuta gari la wagonjwa. Sare zikiisha, nitakwenda hospitali mwenyewe."

Siku moja Kifungo alikunjua shati lililokwisha kushonwa. Upande wa kulia mshono ulinyooka kama rula. Upande wa kushoto ulitangatanga, ukapanda hadi kwenye mfuko, ukaishia hewani. Alichukua shati jingine. Lilikuwa vilevile.

Mama alikuwa amejilaza nyuma ya pazia, kitambaa chenye maji kikiwa juu ya paji la uso. Kifungo hakutaka kumwamsha. Alichukua wembe, akafumua mshono polepole, akashona upya. Kesho yake akafanya hivyo tena. Aliona anasaidia, na kwa kweli mashati yalitoka mazuri.

Mama alipoyakagua, uso ulimng'aa. "Unaona? Nilianza kuogopa kwamba mikono imenisaliti. Tazama mshono huu! Basi hata hospitali ya nini?"

Kifungo alitaka kusema, "Huo ni mshono wangu, mama." Badala yake aliinama, akaendelea na vifungo.

Darasani alikaa na rafiki yake aliyeitwa Redio, kwa sababu hakuna aliyewahi kupata swichi ya kumzimia.

"Mama yako ana ugomvi na mimi?" Redio aliuliza. "Jana nimempungia mkono mara mbili, amenipita kama nguzo ya umeme."

"Ulikuwa upande wake gani?"

"Kushoto. Nikazunguka kulia na shikamoo yangu, akaruka! 'Marahaba, mwanangu, umetokea wapi?' Kama vile nimeota hapo hapo kama uyoga."

Redio alicheka peke yake.

Jumamosi, Mama alipokuwa akivuka barabara, baiskeli ya muuza mikate ilimgonga kutoka kushoto. Mikate ilitapakaa, Mama akaanguka akachubuka kiwiko. Kifungo alikuwa mlangoni. Alimwona muuza mikate akikata kona kumkwepa, na alimwona mama yake akitembea mbele kwa utulivu, kama mtu aliye peke yake barabarani.

Baba, aliyekuwa mpaka rangi, alifika mbio, madoa ya chokaa hadi kwenye nyusi. "Mama Kifungo, leo tunakwenda hospitali. Mficha maradhi..."

"Usiumalizie msemo huo mbele yangu," Mama alimkata. "Baiskeli haikuwa na kengele, basi."

Kabla ya kuondoka, Kifungo alirudi ndani. Juu ya meza palikuwa na shati la asubuhi ile, ambalo alikuwa hajaligusa. Alilitia kwenye mfuko.

Hospitalini walipokewa na daktari mwanamke mwenye sauti ya chini. Alisafisha kidonda, kisha, alipomwona Mama ameshika kichwa, akauliza, "Na kichwa kimeanza kuuma lini?"

"Ah, siku chache tu. Kazi zimenizidi."

"Macho yanaona vizuri?"

"Vizuri sana. Nashona mashati kila siku, na hakuna lililopinda."

Daktari alianza kuandika dawa za maumivu. Kifungo alitazama kalamu ikitembea. Akatoa shati, akaliweka mezani, akalikunjua.

"Hivi ndivyo mama anavyoshona, daktari. Yale yaliyonyooka nilikuwa nayafumua na kuyashona upya. Na kichwa kinamuuma tangu mwanzo wa muhula. Asubuhi anatapika."

Mama aliligusa shati. Ilimbidi ageuze kichwa ili auone ule upande wa kushoto. "Yote, Kifungo?"

"Yote, mama. Nisamehe."

Daktari aliweka kalamu chini. Alimwambia Mama afunike jicho moja, amtazame puani, aseme atakapoona kidole. Kidole kilipotokea kulia, Mama alisema mara moja. Kilipotokea kushoto, alinyamaza hadi kilipokaribia pua. Jicho la pili likawa vilevile.

"Macho yako ni mazima," daktari alisema. "Lakini picha zinasomwa na ubongo. Sehemu ya nyuma, kulia, ndiyo inayosoma mambo ya upande wa kushoto. Tupige picha ya kichwa leo hii."

Walisubiri kwenye benchi. Baba alikwangua chokaa kwenye kucha zake hata ilipokwisha, akaendelea kukwangua. Kifungo alisoma bango la kunawa mikono mara nyingi bila kuelewa hata neno moja.

Picha ilionyesha duara jeupe nyuma ya kichwa. "Ni uvimbe," daktari alisema.

"Saratani?" Baba aliuliza, kwa sauti isiyo yake.

"Siwezi kuapa kabla haujapimwa. Uvimbe wa kichwani si wa aina moja. Kuna unaoanzia kwenye ubongo wenyewe. Baadhi yake ni saratani, na huota ukichanganyika na ubongo. Kuna saratani inayosafiri kutoka kwingine, kama pafuni. Kuna unaoota kwenye mishipa ya fahamu, kwa mfano ule wa sikio, mtu akaanza kuwa kiziwi upande mmoja. Na kuna wa kwenye utando unaofunika ubongo. Wako unafanana na huo wa mwisho. Mara nyingi si saratani, na hukua polepole."

"Yaani kitambaa ni kizima," Mama alisema taratibu. "Bitana ndiyo imefanya donge."

"Vizuri sana. Ila fuvu halitanuki kama nguo. Donge likikua, ubongo unabanwa. Hata usio saratani unaweza kupofusha au kuua ukiachwa."

Mama alilitazama lile duara, kisha akamtazama binti yake. "Kumbe na mimi nimemeza kifungo."

Hakuna aliyecheka, lakini Baba aliacha kukwangua kucha.

Siku ya upasuaji ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Kila mlango ulipofunguka, Kifungo alisimama. Kila mara alikuwa mtu mwingine. Hatimaye daktari alitoka. Uvimbe ulikuwa umetoka wote. Baadaye maabara ikathibitisha kuwa haukuwa saratani.

Mama alirudi nyumbani na kilemba kichwani. Upande wa kushoto ulirudi polepole, ingawa si wote. Daktari alisema ataendelea kumpima. Mama alizoea kugeuza kichwa kabla ya kuvuka barabara, na Redio alizoea kumwamkia akiwa kulia.

Siku aliyokaa tena kwenye cherehani, alishona shati moja, akamrushia Kifungo alikunje. Kifungo alipitisha kidole kwenye mshono. Karibu na mwisho ulikuwa umeyumba kidogo. Wembe ulikuwa mezani.

Alisimama, akalipeleka. "Mama, hapa kushoto pamepinda."

Mama aligeuza kichwa, akapaona. Alilichukua shati, akamvuta mtoto karibu.

"Sikiliza, mwanangu. Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilikupa siri isiyo ya mtoto. Mtu mzima akikuomba ufiche ugonjwa wake, mwambie mwingine unayemwamini. Na ukiona mshono wangu umepinda, usininyooshee kwa siri. Nionyeshe. Nisipouona, nitautibu vipi?"

Kisha akachukua wembe, akaanza kufumua mwenyewe.