Mwanachama wa Nane

Asubuhi ile skrini ya ofisini ilisema wako wanane, na Fundi akacheka peke yake. Nyumba za pampu za maji mjini ni saba. Hakuna aliyejenga ya nane bila yeye kuambiwa, maana nyaya zote zilipita mikononi mwake. Akapangusa kioo kwa kiganja, ujinga tu, kana kwamba ile nane ni tone la chai. Ikabaki palepale. Halafu akasikia harufu ya nywele zilizoungua, na chumbani hakukuwa na mtu mwingine.

Mtambo wenyewe haukuwa na bosi. Kila nyumba ya pampu ilikuwa na kompyuta ndogo ukutani, na kompyuta hizo zilisalimiana zenyewe kutwa kucha: upo? nipo. Asiyeitika, jirani yake anaanza kumshuku, anawanong'oneza wenzake, nao wananong'onezana, na wengi wakikubaliana kwamba kweli fulani yuko kimya, wanamtoa kundini na kumfungia maji. Anayetaka kuingia anapiga hodi. Mwanachama mmoja tu akisema karibu, habari inaenea na wote wanampokea. Kanuni hiyo ya mmoja aliiweka Fundi mwenyewe. Alikuwa amechoka kuzunguka mji mzima kila kompyuta ilipobadilishwa.

Basi akakumbuka. Jana yake, radi ilipounguza kompyuta ya pampu ya pili, aliibadilisha, kisha akarudi ofisini na njaa yake. Anakula huku anaandika, hodi ikaingia kutoka kwa asiye na jina. Akadhani ndiyo ile mpya. Hakutazama hata inatoka wapi. Akaandika karibu kwa kidole chenye mafuta, akaendelea na chakula. Kumbe ile mpya iliingia baadaye, kwa hodi yake yenyewe.

"Si kitu, namtoa," akajisemea. Akaandika amri, kundi likaulizwa, jibu likarudi: yupo, tumemsikia. Akarudia. Yupo, tumemsikia. Wote saba walimtetea, na wa nane akajitetea mwenyewe. Hapo Fundi hakucheka tena.

Mumewe ndiye aliyekaa pampu ya nne. Watu walimwita Kipaza kwa sababu hakujua kusema polepole. Akikupa siri, mtaa wa pili wanaijadili. Fundi akachukua redio koli.

"Baba watoto, huko kwako kuna mgeni?"

"Mgeni yupi tena? Niko na hii pampu na njaa yangu!" Redio ikatetemeka mkononi. "Ila kuna kitu kinagonga ukutani. Kinagonga, kinanyamaza, kama kinangoja nijibu."

"Usijibu, tafadhali."

"Nimeshajibu. Nimekiambia kiache upuuzi!"

Mchana maandishi mapya yakatokea kwenye skrini: nne anashukiwa. Fundi akatafuta nani aliyeanzisha uvumi huo. Ni wa nane. Alikuwa amemnong'oneza wa tatu, wa tatu akamwambia wa sita, na sasa kundi zima lilikuwa likiulizana habari za nne kwa sauti ya chini, kama watu wanaoteta kwenye msiba.

Akawasha pikipiki, akaenda mwenyewe. Pampu ya nne ilikuwa inanguruma, taa ya kompyuta inawaka, na Kipaza amesimama mlangoni na kitambaa begani. Mdomo wake ulikuwa unakwenda kwa nguvu zote, mishipa ya shingo imemtoka, lakini sauti ilimfikia mkewe kama ya mtu aliye nyuma ya kuta mbili.

"Nasema, mbona umekuja mbio? Kuna nini?"

"Mungu wangu," Fundi akasema. "Sema kwa nguvu."

"Napiga kelele, mke wangu! Hunisikii?"

Jioni, nyumbani, binti yao aliandaa sahani mbili. Fundi akamwambia aongeze ya baba. Mtoto akamtazama mama yake kwa huruma, akavuta kiti ambacho baba yake alikuwa amekikalia, na mwanaume yule mzima, mwenye mwili na mabega, akalazimika kuinuka ili asikaliwe na mwanawe. Akasimama ukutani, akalia. Fundi alikuwa hajamwona akilia tangu waoane.

"Nimemwita mara ngapi?" akanong'ona, au pengine alipiga ukelele, nani angejua. "Amenipita kama hewa. Mama watoto, nafanywa nini mimi?"

Simu ikalia. Alikuwa Kofia, msimamizi wa pampu ya kwanza.

"Fundi, meneja anatafuta mtu wa kukaa pampu ya nne. Anasema ina muda haina msimamizi."

"Haina vipi? Si mume wangu yuko pale?"

Kisha Kofia akauliza kwa upole kabisa, "Fundi, wewe uliolewa lini?"

Siku iliyofuata ile harufu ya nywele ilikuwa imejaa nyumba zote za pampu, na Fundi alijua kwamba wakimtoa nne kundini, mumewe naye ndiyo basi. Akamwendea shangazi wa Kipaza, mshona nguo, ambaye watu walimpelekea wagonjwa wenye majini. Alimkuta sindano ziko kwenye ukosi. Alipomtajia Kipaza, shangazi akakunja uso.

"Mtoto wa kaka yangu," akasema taratibu. "Naam. Kuna jina hapo, mwanangu, lakini linanikimbia. Tusikae. Likinitoka kabisa sitajua hata nakusaidia kwa nini."

Ofisini, shangazi hakuwasha kitu wala kumwaga kitu. Alivuta kiti mbele ya skrini, akasikiliza kanuni za kundi kuanzia mwanzo hadi mwisho, huku akitikisa kichwa kama anayesimuliwa habari za watu anaowafahamu.

"Huyu hakuvunja mlango. Umemkaribisha mwenyewe, na wenzako wote wamempokea kwa neno lako. Humtoi. Anayekaa ndani kwa kukaribishwa hatolewi, ila nyumba yenyewe unaweza kuivunja. Vunja kundi. Zima kompyuta zote kwa pamoja, asibaki mwanachama hata mmoja, kisha jenga jipya. Kila msimamizi awe kwenye pampu yake. Utamwita kwa mdomo wako, aitike kwa mdomo wake, ndipo umwambie karibu. Ukikataa mtu, umemkataa moja kwa moja."

"Na yeye je? Hatajaribu?"

"Atajaribu kwa nne, kwa kuwa ndiyo nafasi aliyoitolea macho. Wakiitika wawili, mumeo utamjuaje?"

Fundi akacheka na machozi yanamtoka. "Yule? Shangazi, tangu tuoane hajawahi kuitika mara ya kwanza! Uite mpaka uchoke. Mara ya pili ndiyo utasikia, nipo, nipo, kelele za nini."

Shangazi akaitazama skrini iliyokuwa bado inawaka, wa nane bado yumo. Akafungua mdomo, akaufunga. "Haya," akasema. "Zima."

Wasimamizi wakapewa ishara, na mji mzima ukakauka. Bila mngurumo wa pampu Fundi alisikia hadi pumzi zake, na katikati ya kimya hicho kitu kikagonga ukuta wa nyuma, kikanyamaza, kikagonga tena, na kila kikigonga kilisogea, mara kwenye dirisha, mara chini ya meza miguuni pake, na ile harufu ikawa nzito kiasi kwamba aliionja kwenye ulimi, naye akashika redio kwa mikono miwili ili isianguke.

"Moja!"

"Nipo," akaitika Kofia. Hodi ikaja. Karibu.

Mbili akaitika, tatu akaitika. Karibu, karibu. Shangazi alikuwa amemshika mabega.

"Nne!"

"Nipo!" Sauti ya Kipaza ikapasua chumba, ileile, kubwa na nzima, mara tu Fundi alipoachia kitufe. "Mke wangu, nipo! Nipo hapa!"

Mkono wa Fundi uliruka wenyewe kwenda kwenye skrini, ukasimama njiani. Akaita tena.

"Nne!"

"Nipo, nipo," ikajibu sauti ya pili, ya Kipaza vilevile, ya uvivu, imejaa usingizi. "Kelele za nini?"

Hodi mbili zilikuwa zinangoja kwenye skrini. Fundi akacheka kwa sauti kwa furaha, akaielekea ile ya pili, akaandika karibu. Kisha akairudia ile ya kwanza.

"Mama watoto, sikiliza," ile sauti ya kwanza ilikuwa inasema, mbiombio, inakwama kwa kwikwi, "najua siitiki haraka, najua, lakini leo nimekaa na redio mdomoni nangoja uniite, naogopa, naogopa sana, usi..."

Kataa.

Redio ikatulia. Harufu ikaondoka kama imefagiliwa. Tano, sita na saba wakaitika, pampu zikanguruma, skrini ikasema wako saba. Shangazi akamkumbuka mtoto wa kaka yake kwa jina na kwa ukoo, akashukuru, akaenda zake akiwa amechoka.

Kipaza alirudi nyumbani kabla jua halijazama. Binti yake alimrukia shingoni. Majirani walimsikia kutoka kona ya barabara, wakamtania kwamba walikuwa wamepumzisha masikio. Akakaa kwenye kiti chake karibu na jiko, na Fundi akasimama mlangoni akimtazama tu, anajifuta macho kwa kanga, hana hamu ya kitu kingine duniani.

Mtoto alikwenda kuangalia maji yaliyokuwa yanachemka. Akainuka kwa vidole vya miguu, sufuria ikamwinamia, maji yakamwagika mkononi.

"Baba!"

Ukelele ule ungemtoa mtu kaburini. Baba yake alikuwa karibu kiasi cha kunyoosha mkono tu amshike. Hakugeuka. Alikaa ametulia, tabasamu usoni, mikono juu ya magoti, anangoja. Fundi akaruka, akamvuta mtoto, sufuria ikaanguka kwa kishindo miguuni mwao, na hapo ndipo akaijua ile sauti aliyoikataa.

Mtoto, analia kifuani mwa mama yake, akaita tena.

"Nipo, nipo," akaitika yule kitini, akainuka. "Kelele za nini?"