Mshale wa Pili

Jioni ile tulikuwa tunarudisha lori gereji, mimi na mdogo wangu, Spana. Mimi ndiye dereva. Yeye ni fundi, na mdomo wake unafanya kazi kuliko mikono. Tukiwa katikati ya kupanda mlima, mpira unaopeleka upepo kwenye breki za nyuma ukapasuka, tairi za nyuma zikajifunga. Tukaganda hapo hapo.

"Leo unalala na gari lako, dada," akanicheka.

Breki za upepo ziko hivi. Upepo ukipotea, springi za nyuma zinabana tairi zenyewe ili gari lisikimbie. Ukitaka kulisogeza, fundi anaingia chini na kuzifunga springi hizo kwa bolti. Akishafunga ya mwisho, kinachoshika gari ni pedali tu. Mguu wangu, basi. Upepo wa pedali ni mwingine, unatoka kwenye mitungi miwili, mmoja wa tairi za nyuma, mmoja wa mbele, kila mmoja na mshale wake kwenye dashibodi. Mmoja ukikuangusha, wa pili unashika.

Spana akaweka mawe mawili nyuma ya tairi. Nikazima injini ili asikie vizuri upepo unapovujia.

"Kanyaga. Usiachie mpaka nitoke."

"Fanya haraka, mkeo ataniua mimi."

Nikakanyaga. Mishale ikashuka kidogo, ikatulia, kama kawaida. Nikamsikia akikaza bolti ya mwisho, huku anapiga mluzi.

Ndipo nikatupa jicho kwenye kioo cha pembeni.

Mwanamke mzee, amejitanda nguo nyeupe pee. Barabara yenyewe vumbi tupu, na kwake hakuna hata doa. Akainama, akanyanyua jiwe la kwanza kwa mikono miwili, akaliweka kando taratibu. Akarudi kuchukua la pili.

"Mama, acha hayo mawe! Kuna mtu chini!"

Hakugeuka. Akakung'uta mikono. Nilipopepesa macho, kioo kilikuwa kitupu, na ndani ya kebini kukaingia harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi.

"Spana, toka. Mawe hayapo."

Mluzi ukakatika.

"Nimenasa," akanong'ona. "Koti limeshikwa na ekseli."

Kisha... ile sauti. Upepo ukivuja naujua, nimeishi nao. Huu haukuwa unavuja. Ulikuwa unavutwa, funda kwa funda, kama mtu anakunywa.

Mshale wa nyuma ukaanza kushuka. Buza ya onyo ikalia. Ukafika chini kabisa, na mimi nikajipa moyo kwamba wa pili upo.

Wa pili ukatikisika.

Nikazungusha ufunguo, injini ijaze upepo. Kimya. Nikazungusha tena. Kimya.

"Dada, achia. Nimeshatoka."

Sauti ya Spana, kutoka chini.

"Dada, usiachie. Bado nimenasa."

Sauti ya Spana, kutoka chini vilevile.

Nikaanza kulia. Kushuka nimsaidie siwezi, kuachia siwezi, na upepo unaisha naona kwa macho yangu. Sijawahi kujiona bure kama siku ile, dereva mzima, nimekalia kiti kama gunia.

Mlango ukafunguliwa. Spana amesimama pale, uso grisi tupu, koti limechanika bega.

"Unamngoja nani? Shuka."

Na chini ya lori, taratibu...

"Dada... usiachie."

Yule wa mlangoni naye alisikia, nilimwona alivyotega sikio. Hakuuliza ni nani.

Mshale ukagusa sifuri. Sikuachia mimi, wallahi sikuachia. Pedali ililegea chini ya mguu wangu, lori likaanza kurudi nyuma, na mkono wa baridi wa yule wa mlangoni ukanivuta nikaanguka barabarani. Lori likaenda kuishia mtaroni. Tulimulika kila mahali. Hakuna mtu, hakuna damu, ila kipande cha koti kilichokanyagwa na tairi.

Nyumbani mke wa Spana alimkumbatia, watoto wakamrukia mgongoni. Alicheka nao, akataniana nao kama siku zote. Nikasema moyoni, basi, Mungu mkubwa.

Mama yetu akanivuta jikoni, akafunga mlango.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Si yule sebuleni, mama?"

"Nimekuuliza mwanangu yuko wapi."

Sebuleni vicheko vilikuwa vimenyamaza. Yule aliyerudi nami alikuwa anasikiliza nitajibu nini.