Ziwa Lililokuwa Linamwagika

Mume wangu ni fundi mwashi. Ukuta wake haupindi hata kidogo. Lakini mpe simu apige picha, loo!

Mama yake alivunjika nyonga. Alikuwa kwa wifi yangu, mbali, mwezi wa tatu kitandani. Amekata tamaa, hata mazoezi ya kusimama hataki. Alitaka kitu kimoja tu: aone ziwa na vilima vya kwetu. Fundi akapiga picha saa sita, wakati wa mapumziko ya kazi, akamtumia.

Mama akapiga simu. "Mwanangu, hapa ni wapi?"

Tuliumia sana.

Jioni tukaenda kwa jirani yetu, mama anayepiga picha za vitambulisho. Aliitazama picha ile, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Shemeji, leta ndoo! Ziwa linamwagika!"

Kweli, maji yameinama kushoto. Vilima navyo vyeupe pee, kama vimemwagiwa unga.

"Saa sita jua liko utosini," jirani akaeleza. "Vivuli hakuna, kila kitu kinaonekana bapa. Piga asubuhi, jua likiwa chini, likimulika kutoka ubavuni. Hapo mabonde na njia vitaonekana."

"Na huku kumwagika?"

"Unashinda na pima maji mkononi ukisawazisha matofali, halafu unaniuliza mimi?" Akafungua mipangilio ya kamera, akawasha mistari. "Mstari huu uliolala, uwe sambamba na ukingo wa maji kule ng'ambo. Basi."

"Kumbe ni ujenzi!" Fundi akapiga kofi.

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tulikuwa nje. Nilipangusa kioo cha kamera kwa kitambaa safi. Fundi akaulaza mstari, ulimi nje, kama anapanga tofali la kwanza. Jua likachomoza kando. Vilima vikajitokeza kimoja kimoja. Akabonyeza, akamtumia mama.

Hatukumaliza hata chai, simu ikalia.

"Nyie!" Mama alifoka. "Ile njia yangu ya ziwani mbona mmeiacha iote majani?"

Fundi akacheka huku machozi yanamtoka. "Samahani, mama. Nitaifyeka leo."

"Usiiguse! Nakuja kuifyeka mwenyewe."

Kisha tukamsikia akimwita wifi: "Niletee magongo yangu."