Mapacha wa Fundi

Fundi alipanga chumba cha mbele, ukuta kwa ukuta na cha kwetu, na nguo za watoto alizijua hasa. Gauni lake ulifue utakavyo, halipotezi umbo. Lakini siku hizi kushona peke yake hakutoshi. Mteja hataki nguo iliyoning'inia msumarini. Anataka aione inatembea, inazunguka, inacheka, na aione ndani ya simu, yeye kajilaza kitandani kwake kama mgonjwa. Basi kila mchana, mtoto akirudi chekechea, Fundi alifunga pazia katikati ya chumba, mdogo wake akashika simu, wakaingia laivu.

Mtoto alikuwa mmoja. Narudia: mmoja. Msichana wa miaka mitano waliyemwita Kasuku, maana alikuwa anaongea hadi usingizini. Baba yake alikwenda kutafuta maisha na mpaka leo hajayapata.

Kasuku ndiye aliyekuwa tangazo. Anavaa jekundu, anatoka upande huu wa pazia, anaringa, anapiga domo, anapotelea ndani. Mama yake anamvua chapuchapu, anamvisha la njano, mtoto anachomoza upande wa pili akihema, neno hata moja halimtoki. Mdogo mtu kazi yake kushika simu na kusoma komenti kwa sauti.

"Dada, wanauliza hao mapacha wana miaka mingapi."

Fundi alicheka nyuma ya pazia, pini mdomoni. "Waambie hakuna mapacha hapa."

"Niwaambie nini? Huyu anataka sare za mapacha wake. Na huyu. Na huyu. We dada, unabishana na riziki?"

Fundi akachomoza kichwa, akavaa lile tabasamu la biashara. "Ndiyo wapenzi, ni mapacha. Mkubwa ni Kasuku."

"Wanauliza, na mdogo?"

"Mdogo mpeni jina nyie."

Mdomo huo! Watu ukiwaambia wampe mtoto jina watampa, hata kama mtoto hayupo. Walibishana, wakatukanana, watu ambao hawajawahi hata kusalimiana, mpaka wakakubaliana: Kimya. Kwa sababu, walisema, yule wa pili hasemi.

Oda zikamiminika. Kila gauni likawa linashonwa mawili. Fundi alishona mpaka kidole gumba kikavimba, na hakulalamika.

Kisha siku moja mdogo mtu alisoma komenti, akanyamaza katikati.

"Nini?"

"Wanakusifu leo umewatoa wote wawili kwa pamoja."

Kasuku alikuwa amesimama peke yake mbele ya simu, kavaa la bluu.

"Wanasema huyo aliyesimama nyuma yake, la kijani limemkaa zaidi."

Gauni la kijani lilikuwa halijashonwa. Kitambaa chake kilikuwa mezani, kimekunjwa, hata mkasi haujakigusa.

Walirudia kuiangalia ile video mara nyingi. Kasuku yuko peke yake, mwanzo mpaka mwisho. Chini yake komenti zinapita, zinamsifia mwingine.

Hapo mtu mwenye akili angezima simu akanywa maji. Fundi hakuzima. Lile la kijani ndilo lililoagizwa kuliko yote, basi akachukua mkasi, akakata.

Nyumbani mambo yakaanza kubadilika pole pole. Kasuku akawa anabakiza nusu ya chakula. "Cha mwenzangu," anasema. Siku nyingine Fundi amekaa kwenye kiti chake cha cherehani, mtoto akamshika goti.

"Mama, umemkalia."

Fundi alicheka. Kisha akainuka.

Mtoto naye akawa anapungua maneno. Sisi wa chumba cha pili tuliokuwa tumezoea kelele zake tukajikuta tunasikiliza ukuta. Hata usingizini hakusema tena. Kisha siku moja mama yake anamsuka, mtoto akasema kwa sauti ndogo, ya chini kabisa:

"Mama, mwenzangu anasema kesho ni zamu yangu kukaa nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Kwake."

Kichana kilimponyoka Fundi mkononi.

Kesho yake alikuwa ameshaamua. Uongo aliusema mbele ya watu, na mbele ya watu hao hao ataufuta. Riziki itakwenda, iende, mtoto abaki. Akamshika mtoto mkono, akakaa naye mbele ya simu, bila pazia, bila tabasamu.

"Naomba mnisamehe. Niliwadanganya. Sina mapacha. Nina mtoto mmoja tu."

Mdogo mtu akaanza kusoma, na sauti yake ikawa inashuka.

"Muongo huyu. Unakana damu yako? Tunawaona wawili. Mama gani wewe? Mmoja kamuiba, chunguzeni. Dada, wanauliza. Kama ni mmoja, ni yupi?"

Fundi akainua ule mkono mdogo aliokuwa ameushika.

"Huyu. Wangu ni huyu hapa."

Komenti zikasimama. Zote.

Kisha ikaingia moja. Zikaingia nyingine, nyingi, zinafanana.

"Soma," Fundi akanong'ona.

"Dada..."

"Soma!"

"Wanasema huyo uliyemshika ni Kimya."

Jua la saa nane lilikuwa limejaa sakafuni.

"Wanasema Kasuku yuko nyuma yako. Analia. Anakuvuta nguo."

Fundi hakugeuka. Alisikilizia mgongoni. Hakuna kilichomvuta. Hilo ndilo lililomtisha.

Akageuka. Cherehani. Meza. Vipande vya vitambaa.

Akamtazama mtoto aliyemshika mkono. Mtoto alikuwa akimtazama yeye. Muda wote. Hapepesi macho.

"Zima."

Mdogo mtu akazima. Ile komenti ya mwisho aliiona, akakaa nayo moyoni muda mrefu kabla hajaisema: *Mbona mnazima na mtoto bado anaita?*

Ule ukurasa wa laivu ulifungwa. Fundi sasa anashonea watu wanaokuja mlangoni kwa miguu yao, wenye uso na salamu. Mtoto anaendelea vizuri. Anamaliza sahani yote. Walimu wanamsifu kwa utulivu wake, majirani wanamwambia Fundi amejaliwa, naye anaitikia asante.

Juzi juzi alikuwa anatafuta kifungo cheupe kwenye kopo la vifungo. Kidole kikagusa kitu chenye unyevu. Akakitoa, akakiweka kiganjani. Jino. La utoto, la mbele. Damu yake bado mbichi.

Akamwita mtoto.

"Fungua mdomo."

Mtoto akaufungua, wazi kabisa, kama aliyekuwa akingoja kuambiwa. Meno yote yapo. Fundi akayatikisa moja moja kwa kidole. Hakuna hata lililolegea.

Mtoto akafunga mdomo, akalitazama lile jino kiganjani mwa mama yake.

"Si langu hilo, mama," akasema, akarudi kucheza.

Tangu siku hiyo kopo la vifungo halifunikwi. Fundi analiweka karibu na mto wake, na ameshaokota la pili.